Mpira Ulisogea, Binti Yangu Akauona

Kama leo ndiyo kwanza unaufungua ukurasa huu, nikupe kwa kifupi nisikuache njiani. Mimi ni mchezaji wa gofu wa kulipwa, au nilikuwa. Mke wangu aliugua, nikaweka fimbo chini nikamuuguza, na Mungu akamchukua. Niliporudi uwanjani mikono ilikuwa imesahau kazi. Kedi wangu, aliyenibebea mfuko wa fimbo tangu nikiwa na nywele kichwani, akahamia kwa kijana anayepiga mbali. Mfadhili naye akahama. Waandishi wakahama.

Aliyebaki ni binti yangu wa pekee. Aliuokota mfuko ule sebuleni akasema, "Nitabeba mimi."

Wiki iliyopita niliishia pale tulipopita mchujo chupuchupu, tukabakiwa na siku moja tu ya mashindano. Nimalize ndani ya kumi bora, nibaki na kibali cha kucheza na wanaolipwa mwakani. Nisipomaliza, nikatafute kazi nyingine kwa umri huu.

Siku hiyo ndiyo nawasimulia leo. Nimeiandika mara mbili nikaichana. Mhariri amenipigia simu mpaka amechoka.

Nyumba ya wageni tuliyofikia ilitupa chumba chenye vitanda viwili, na pasi moja iliyogombaniwa na korido nzima. Asubuhi binti yangu aliingia nayo ameinyanyua juu kama kombe.

"Jirani wa chumba cha pili kaninunia," akasema. "Lete shati, baba. Leo utaonekana kwenye televisheni, usinitie aibu."

Namwita mama, maana amechukua jina la mama yangu. Hata tabia ni zilezile: kuamrisha tu. Akanipigia shati pasi juu ya godoro, akalitundika mlangoni, akaenda kuoga.

Simu yangu ikaita. Alikuwa mdogo wake marehemu mke wangu.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Habari za huko?"

"Habari mnazo nyinyi. Mtoto amekwambia?"

"Kuniambia nini?"

Akavuta pumzi. "Ile nafasi ya mafunzo ya ufamasia, ile aliyokesha akiiombea. Alitakiwa kuripoti wiki iliyopita."

"Aliniambia wameahirisha."

"Waahirishe nini! Amewaambia haitaki. Nimekwenda mwenyewe kuwasihi, wamesema amekwishaingia mtu mwingine. Dada yangu aliniambia nimwangalie huyu mtoto. Sasa namwangalia kwenye televisheni, anakubebea mzigo. Ukishindwa leo, shemeji, atakuwa amepoteza kwa ajili ya nini?"

Nilikata simu bila kuaga.

Binti yangu akatoka bafuni, kitambaa kichwani. "Nani huyo asubuhi yote hii?"

"Watu wa uwanjani. Wananikumbusha saa ya kuanza."

Akaniamini. Kudanganyana kwa wema kulikuwa kumeshakuwa kama salamu nyumbani kwetu. Hilo mtalielewa mbele.

Uwanjani nilipangwa kucheza na kijana wanayemwita Radi, siye yule aliyemchukua kedi wangu. Akipiga mpira unasikia mlio kwanza, kisha unautafuta angani. Alikuja mbio kunisalimia.

"Shikamoo, Mwalimu. Leo nimekuja kujifunza."

"Jifunze polepole basi. Mimi nimekuja kazini."

Wananiita Mwalimu kwa sababu nimefundisha wengi kushika fimbo. Wengine sasa wananipita njiani hawanijui. Huyu Radi hajawahi kusahau, lazima niseme.

Mashimo tisa ya kwanza nilicheza kama mtu aliyerudishiwa mwili wake. Mpira ulikwenda nilipouelekeza. Watazamaji wachache waliokuwa wakimfuata Radi wakaanza kunipigia makofi na mimi.

"Baba, huo mpira unakusikiliza kuliko unavyonisikiliza mimi," binti yangu akasema akiifuta fimbo.

"Mpira haunigombezi."

Akacheka. Alikuwa hajacheka kwa sauti vile tangu tulipomzika mama yake. Nikajisemea, hata nikishindwa leo, hiki kicheko nimekipata.

Nilijidanganya. Kufika shimo la kumi, maneno ya shemeji yakaingia kichwani yakakataa kutoka. Nikakosa mpira wa karibu ambao mtoto angeutia kwa teke. La kumi na moja nikakosa tena. La kumi na mbili mpira ukadumbukia bwawani, chubwi, na makofi yakanyamaza.

"Pumua," binti yangu akasema.

"Napumua."

"Unapumua kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Kuna nini?"

Nilitaka kunyamaza, nikashindwa. "Uliwaambia huitaki ile nafasi?"

Akasimama katikati ya majani na mfuko mgongoni. Watu wakatupita.

"Mama mdogo hajui kufunga mdomo."

"Kwa nini, mama? Uliililia usiku na mchana."

"Mama alipoondoka uliacha kula. Nilikuwa nakuwekea chakula, nakikuta kimefunikwa vilevile. Ukiwa huku uwanjani unakula." Akanipa mgongo nichomoe fimbo. "Sasa chagua. Watu wanatusubiri."

Sijui nilipigaje mkwaju ule. Nakumbuka tu kwamba niliapa moyoni: kibali hiki nitakipata. Nitakipata kwa ajili yake.

Wanadamu tukishasema "kwa ajili yake", hapo ndipo tunapoharibu. Sikulijua hilo wakati ule.

Nikajikaza. Tulipofika shimo la kumi na sita, mwanamke aliyebeba ubao wa matokeo alinionyesha niko wa kumi na moja. Nilikuwa nimemzidi wa kumi kwa mkwaju mmoja tu, na kwenye gofu bora ni mwenye michache. Nikapiga kwa nguvu kupita kiasi. Mpira ukapinda kulia, ukaingia kwenye majani marefu chini ya kichaka.

Radi na kedi wake walikuwa upande wa pili kabisa. Watazamaji walikuwa wakimwangalia yeye. Tulikuwa mimi, binti yangu na mpira.

Ulikuwa umekalia majani, nusu umezama. Nikainama, nikaiweka fimbo nyuma yake taratibu, kama ninavyofanya miaka yote.

Mpira ukasogea.

Haukwenda mbali. Ulibingirika kidogo ukatulia mahali penye uwazi, pazuri kuliko pale pa mwanzo. Kwa asiyejua gofu: ukiusogeza mpira wako hata kwa bahati mbaya, unainua mkono, unasema, unaurudisha, na unaongezewa mkwaju mmoja wa adhabu. Usipourudisha, inakuwa miwili. Hakuna polisi. Mchezaji mwenyewe ndiye anayejishtaki. Hilo ndilo somo langu la kwanza kwa kila mwanafunzi, kabla hajagusa fimbo.

Niliinua macho. Binti yangu alikuwa akinitazama. Alikuwa ameanza kuinua mkono mmoja, tayari kumwita mwamuzi. Alikuwa akisubiri mimi niseme, maana ni mimi wa kusema.

Nikateremsha macho, nikapiga.

Msomaji, ulikuwa mkwaju mzuri kuliko yote niliyopiga mwaka ule. Ulipita juu ya kichaka, ukatua karibu na shimo, watu wakashangilia. Nikanyoosha fimbo kumpa binti yangu aifute. Hakuipokea. Ilibidi niitumbukize mwenyewe mfukoni.

Tukatembea.

"Baba."

"Naam."

"Ule mpira."

"Ule mpira vipi?"

Alinitazama usoni. "Basi," akasema.

Nikajiambia, nikimaliza shimo hili nitamwita mwamuzi. Nikalimaliza kwa mkwaju mmoja pungufu ya ule uliopangwa, nikawa wa kumi. Nikajiambia, la kumi na saba. La kumi na saba likapita. Kila nilipofungua mdomo nilimwona shemeji, niliona chakula kilichofunikwa, niliona mtu mwingine amevaa koti jeupe la binti yangu. Mdomo ukajifunga.

Shimo la mwisho nilitia mpira wangu, watu wakasimama. Radi akanikumbatia akaninyanyua juu.

"Mwalimu umerudi! Umerudi, wallahi!"

Juu ya bega lake nilimwona binti yangu anarudisha bendera kwenye shimo. Aliirudisha polepole, kama anayechomeka maua.

Chumba cha kuhakiki kadi ni kidogo, kina meza moja, feni yenye kelele na kalamu zilizofungwa kwa uzi zisiibiwe. Mchezaji anakaa, anapitia matokeo yake, anatia sahihi. Ukishatia sahihi kwenye uongo, umekwisha.

Nilifika mlangoni nikageuka. Nikamwambia binti yangu, "Nisubiri, nakwenda msalani."

Nilifungulia maji nikalia. Sijawahi kulia vile, hata makaburini, maana makaburini nilikuwa mume wa marehemu na watu walikuwa wananitazama. Pale nilikuwa mzee tu mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Nililia mpaka nikatulia. Nikanawa uso. Nikasema, sasa naingia na kusema, na litakalokuwa na liwe.

Nikatoka nimeamua. Nawaapia nilikuwa nimeamua.

Koridoni nikamkuta mwamuzi mkuu, mama mmoja mwenye miwani inayoning'inia kifuani, amesimama na binti yangu. Aliponiona akatabasamu.

"Mwalimu, usihangaike. Kuna mtazamaji alituletea maneno kwamba mpira wako ulisogea kule kichakani. Tulikuwa tunakutafuta, lakini nimeshamuuliza kedi wako. Amesema alikuwa karibu kabisa, aliuangalia muda wote, na haukusogea."

"Amesema hivyo?"

"Amesema na amerudia. Mimi namwamini. Wewe una la kuongeza kabla hujatia sahihi?"

Binti yangu alikuwa anaangalia sakafu.

"Nipe dakika nizungumze na mwanangu," nikasema.

Tabasamu la mwamuzi likapungua. Akaingia ndani, akauacha mlango wazi kidogo.

Nikamvuta binti yangu dirishani. "Kwa nini umesema vile?"

"Ulitaka nisemeje?"

"Ungesema hukuona! Ungesema waniulize mimi!"

"Nilikusubiri, baba." Alikuwa ananong'ona, machozi yanashuka bila yeye kuyajali. "Tangu kichakani mpaka hapa nilikuwa nasubiri useme. Nilikuwa nasema moyoni, huyu ni baba yangu, atasema. Ukaenda kujificha msalani. Mwamuzi akaja. Ningefanya nini? Nikuchongee?"

"Nilikuwa nakuja kusema. Sasa hivi, natoka kule nimeamua kusema."

"Sasa hivi."

"Nakuapia."

Akajifuta uso kwa kiganja. "Kwa nini unashangaa, baba? Mama alipokuwa anaumwa, ulikuwa unaniambia koridoni pale hospitali, ukiingia mwambie anaendelea vizuri. Usoni usionyeshe kitu. Nikawa naingia nasema, mama, daktari amesema unaendelea vizuri. Mpaka siku ya mwisho nilisema. Aliniamini. Alikufa akipanga mambo ya mwezi ujao. Najua kusema uongo mtu akaamini. Nilifundishwa."

Nilitaka kumshika. Akarudi nyuma hatua moja.

Sikuwa na la kufanya ila kuingia ndani. Nikakaa mbele ya ile meza. Kadi yangu ilikuwa pale, safi, na feni inaigusagusa pembe.

"Mpira ulisogea," nikasema. "Niliusogeza kwa fimbo, bahati mbaya. Niliona. Sikuurudisha."

Mwamuzi akavaa miwani yake. "Mwalimu, unajua unachokisema?"

"Nakijua. Nakifundisha."

"Na kedi wako?"

Hapo, msomaji, nilikuwa nimeshasema ukweli. Ningeishia pale. Lakini nikamfikiria mwanangu anaandikwa gazetini kuwa mwongo kwa ajili yangu, nikaongeza maneno ambayo hakuna aliyenituma.

"Kedi wangu hakuona kitu. Alikuwa ameinama anatafuta fimbo mfukoni. Alisema vile kwa kuniamini tu."

Mwamuzi akanitazama muda mrefu. Kisha akachukua kalamu, akaongeza mikwaju miwili kwenye kadi yangu mbele ya macho yangu. Kutoka wa kumi nikaanguka mpaka mahali nisipotamani kupataja. Kibali kikaenda. Kilichukua muda mfupi kama kuzima taa.

"Tia sahihi hapo," akasema. "Suala la kunyamaza kwako ni jingine. Kamati itakaa. Sasa mwite kedi wako aje peke yake."

"Nimekwambia hakuona."

"Nimekusikia. Mwite."

Nilitoka. Nikajaribu kumnong'oneza binti yangu nilichokisema, nikamwambia, "Useme ulikuwa umeinama..." Nikaona uso wake unabadilika. Hakunikasirikia. Ningefurahi kama angenikasirikia. Alinitazama kama unavyomtazama mgonjwa aliyetoka kitandani akaanguka tena.

Akaingia. Wanaume wawili wa kamati wakaingia nyuma yake, mlango ukafungwa.

Radi alikuwa amekaa kwenye benchi la koridoni. Habari zilikuwa zimeshamfikia, uwanjani habari hazitembei, zinaruka. Alisogea kunipa nafasi.

"Mwalimu," akasema, "mimi nisingesema. Nakwambia kweli. Mkwaju mmoja kuingia kumi bora? Nisingesema."

"Ungesema. Nilikufundisha."

"Ulinifundisha kushika fimbo. Hayo mengine nilikuwa naitikia tu."

Alitaka kunifariji, masikini. Maneno yake yakanimaliza.

Mlango ukafunguka. Binti yangu alitoka amevua kile kizibao cha makedi chenye namba yetu, amekikunja vizuri, amekishika kwa mikono miwili.

Nikasimama. "Umewaambia nini?"

"Ukweli."

"Ukweli upi, mama?"

"Kwamba niliona. Kwamba sikuinama popote. Kwamba niliwadanganya, na wewe ukawadanganya ili kunifunika." Sauti yake ilikuwa imechoka, haina ugomvi ndani yake. "Wamenifungia. Sitabeba mfuko wa mtu yeyote tena. Si neno. Sikuwa kedi mimi."

"Mwanangu, nisamehe."

"Wameniuliza kitu kingine, baba."

"Kitu gani?"

"Kama hii ni mara ya kwanza mpira wako kusogea."

Radi akainuka taratibu akaondoka, akatuachia koridoni.

"Ukasemaje?" nikauliza.

"Nikasema waniulize ya leo tu. Ya kabla sijaubeba mfuko sikuwepo."

"Lakini unajua ni mara ya kwanza! Miaka yote hii, mama! Unanijua! Ni mara ya kwanza, naapa kwa kaburi la..."

Akainua mkono kunizuia nisimtaje. Alikuwa ameufumba mdomo kwa nguvu, kama alivyokuwa akifanya utotoni akikataa dawa.

"Sijakuuliza, baba," akasema.

Akaniwekea kile kizibao mkononi, akaanza kutembea kuelekea mlango wa nje. Sikuwahi kuona mtu anatembea mwepesi vile na mwenye uzito vile kwa wakati mmoja. Mfuko wa fimbo aliuacha umeegemea ukuta.

Nikanyanyua mguu nimfuate. Nyuma yangu mlango wa kile chumba ukafunguliwa tena. Mwamuzi mkuu alikuwa amesimama pale na wale wanaume wawili wa kamati, na hakuniita Mwalimu safari hii.

"Mzee," akasema, "ingia ndani. Tuna maswali juu ya mashindano mengine uliyocheza mwaka huu. Ukitoka sasa hivi, tutaandika kwamba umekimbia."

Binti yangu alisikia. Alikuwa ameshashika kitasa cha mlango wa nje. Hakugeuka, lakini hakutoka pia. Alisimama vilevile, mgongo kwangu, anasubiri kusikia miguu yangu inakwenda upande gani.